Transista Nane na Sufuria ya Bluu

Grand Rapids, Michigan
11 Januari 1987

Kwako Mjomba Reino,

Salamu nyingi wewe na mkaza mjomba Lempi. Mimi huku mzima, ila mafua ya wiki mbili yameniachia sauti ya chura. Paka anazidi kunenepa, na kiwandani bado tunaunganisha viti vya ofisi ambavyo sijamwona mtu aliyevikalia akatabasamu. Ningekupigia simu, lakini najua masikio yako uliyaacha mgodini na kwenye simu unasikia nyuki tu. Basi nimekaa chini kuandika.

Sasa langu ni hili. Najua hujasahau dansi ya kiangazi ya mwaka jana, maana hakuna mtu Toivola aliyesahau. Ile amplifaya, mashine ya kukuza sauti niliyoiunda kwa mikono yangu mwenyewe, ili kanda za mama zipigwe tena pale ukumbini, ilipiga wimbo mmoja na nusu. Halafu moshi. Halafu bwana Kangas, mwenyekiti mzima wa ukumbi, akaimwagia birika la kahawa. Watu walicheka mpaka leo nawasikia.

Kamati imenipa nafasi moja tu, tarehe 20 Juni. Ukitoka moshi tena, kanda zinarudi kabatini kwangu na ukumbi utamwita kijana mmoja wa Houghton mwenye sahani za muziki. Mjomba, mama alipiga kinanda chake cha kodiani ukumbini humo miaka thelathini. Amekufa mwaka wa nne sasa. Waliocheza kwa kodiani yake bado wapo na magoti yao bado yanakunjika, na mimi nataka wacheze kwa mkono wake mara moja tena kabla hayajagoma. Sina jambo lingine ninalolitaka mwaka huu.

Kosa nimelipata. Ndani mna transista kubwa nane, zile za kofia ya chuma, zinazogawana kazi ya kusukuma spika. Zikifanana, kila moja inabeba fungu lake. Zisipofanana, ile yenye bidii inabeba la kwake na la wenzake, inachemka, inakufa, na inawavuta wote kaburini. Zangu nilizizoa tu dukani bila kupima. Wewe una lile boksi la mgodini, transista sitini za aina moja. Nakuomba unitumie boksi lote, nizipime hapa na kuchagua nane zinazofanana kama mapacha.

Mpwa wako,
Helmi

*

Toivola
1 Februari 1987

Kwa Helmi, mpwa wangu mwenye haraka,

Barua imefika. Sisi wazima. Theluji imefika kwenye madirisha na kuku wawili wamegoma kutaga. Pole kwa mafua.

Boksi situmi. Watu wa posta watalirusha kama gunia la viazi, na wewe utapima ovyo ovyo kama ulivyounda ovyo ovyo. Nitapima mimi. Nimekaa na mashine za mgodi kabla hujaota meno, Helmi, na sijawahi kumwagiwa kahawa.

Njia yangu ni rahisi na haijanidanganya. Mguu mmoja wa transista naupa umeme kidogo kutoka kwenye betri, kisha nasoma kwenye mita umeme unaopita upande wa pili umekuzwa mara ngapi. Ukikuzwa mara sitini, naandika 60 kwenye kipande cha plasta na kubandika kwenye kofia. Nilianzia jikoni, lakini niliweka betri karibu na unga wa nisu, ule mkate wake mtamu, uliokuwa unaumuka, na Lempi akanifukuza mimi, betri na mita. Sasa niko chumba cha nje cha sauna, kile kibanda chetu cha kuogea mvuke. Pana benchi, pana mwanga, na hakuna mtu wa kunigombeza.

Nakutumia nane za kwanza. Zote ziko kati ya 69 na 71. Zifunge, washa, na uniandikie asante.

Lempi anauliza sufuria yake ya bluu inarudi lini. Uliibeba na viazi siku ya dansi. Ni ya mama yake, ilitoka Finland kwa meli.

Mjomba wako,
Reino

*

Grand Rapids
22 Februari 1987

Mjomba,

Natumai kuku wamemaliza mgomo. Huku mafua yamekwisha, na jirani yangu wa juu ameanza kujifunza tarumbeta, kwa hiyo nimeanza kuyakumbuka.

Asante kwa transista. Sikuzifunga. Nilizipima kwanza, na nilifanya vizuri, kwa sababu nane zako "zote kati ya 69 na 71" zimenipa 68, 80, 67, 79, 81, 69, 80 na 68. Hao si mapacha. Hao hata ukoo mmoja sidhani kama wanatoka. Nimerudia mara tatu, na zote nakurudishia na barua hii. Ningeziwasha kama ulivyoniambia, bwana Kangas angehitaji birika la pili.

Mjomba, sikugombezi. Nauliza tu. Miwani yako ni ile ile? Betri ni mpya? Ulisoma mita ukiwa umekaa mbele yake au ukiwa umesimama kando? Na kama hayo yote hayana kasoro, basi tafadhali nitumie boksi. Miezi minne imebaki, na mwezi mzima nimeshaupoteza nikisubiri namba za uongo.

Mwambie mkaza mjomba sufuria ipo.

Helmi

*

Toivola
20 Machi 1987

Helmi,

Sisi wazima. Kuku wanataga. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na Lempi alinikataza kuandika mpaka ziishe. Hazijaisha, lakini amechoka kunisikia nikinung'unika na amenipa karatasi hii.

Namba za uongo! Mita yangu ilipima mitambo iliyokuwa ikiwapandisha watu mia mbili kutoka chini ya ardhi kila jioni, na wote walifika juu. Mita yako umeitoa wapi? Naiona hapa akilini: nyepesi, ya plastiki, inaandika tarakimu kama saa ya mtoto.

Miwani ni mipya. Betri ni mpya. Nilisoma nikiwa nimekaa.

Ila kwa kuwa unanishuku, nimezipima zote sitini upya. Sikufanya kwa pupa. Nimepima chache chache mwezi mzima, kila nilipopata nafasi, na kila moja nimeiandikia tarehe. Nimeinakili orodha yote nyuma ya karatasi hii ili uone kazi ya mtu mzima. Nimechagua nane nyingine, zimo kwenye boksi dogo, na hizi nitaapa kwa mkono wangu juu ya Biblia ya Lempi.

Lempi anasema "ipo" si jibu. Ipo wapi, na kwa nini haipo kwake? Anataka kuchemshia viazi vya Pasaka.

Reino

*

Grand Rapids
29 Machi 1987

Mjomba wangu mpendwa, mjomba wangu mkaidi,

Mzima? Mimi mzima, ila mbavu zinaniuma. Nilianza kucheka nikaishia kutaka kujigonga kichwa ukutani, na nimefanya vyote viwili mbele ya paka.

Nane za pili ni yale yale. Nne zinafanana na nne hazifanani nazo. Nikakata tamaa, nikachukua orodha yako nikaanza kuisoma, nikaona jambo. Tarehe 3 Machi: namba ndogo ndogo. Tarehe 5: ndogo. Tarehe 7: zote kubwa. Tarehe 10 na 12: ndogo. Tarehe 14: zote kubwa. Nikachukua kalenda ya ukutani. Mjomba, tarehe 7 na 14 Machi ni siku gani?

JUMAMOSI.

Unapimia kwenye chumba cha nje cha sauna! Jumanne chumba hicho kina baridi ya kugandisha ndevu. Jumamosi, siku yenu ya kuoga, umewasha jiko la sauna tangu mchana, unasubiri mawe yashike moto, na wakati unasubiri unakaa pale benchini umevaa taulo, unapima transista za watu! Transista ikipata joto inakuza zaidi. Ile dhaifu ukiipima Jumamosi inakupa 70. Ile yenye nguvu ukiipima Jumanne inakupa 70. Unawafunga pamoja na kuniambia ni mapacha, kumbe mmoja katoka kuoga na mwingine katoka kwenye theluji. Miaka arobaini ya umeme, Mjomba. Duniani kote watu wanakosea kupima, lakini sidhani kama kuna mahali pengine wanakosea hivi.

Sasa nisikilize, nakuomba kwa heshima zote nilizobakiwa nazo. Zipime zote sitini, pamoja na hizi nane ninazokurudishia, mahali pamoja, penye joto lile lile. Usizishike kwa vidole, maana hata vidole vinazipa joto. Zishike kwa vibanio vya nguo vya mbao. Kila moja isubiri dakika nzima mpaka mshale wa mita utulie. Na JUMAMOSI USIPIME.

Nimekwisha kuunda kila kitu kingine. Amplifaya imekaa mezani ina mashimo manane matupu.

Sufuria ipo salama kabisa, asiwe na wasiwasi.

Helmi

*

3 Mei 1987

Helmi,

Sisi wazima.

Nimefanya ulivyosema. Mahali pamoja, vibanio, dakika moja moja. Nimetumia wiki tatu. Orodha ni hii na nane zimo ndani.

Kuhusu sauna ulikuwa na haki. Sina la kuongeza.

Lempi anakusalimu sana, anakupenda na anakuombea heri katika kazi yako.

Reino

*

Grand Rapids
10 Mei 1987

Mjomba,

Nimezipima. 74, 74, 75, 74, 74, 75, 74, 74. Nimezifunga kwenye bati lake la kupoza, nimewasha, nimeiacha ipige saa nne mfululizo huku nikizigusa moja moja. Zote nane zina joto sawa. Mama alipiga mpaka yule wa tarumbeta akanyamaza akasikiliza. Nilikaa sakafuni nikalia, na siogopi kukuambia.

Nilipaswa kuishia hapo na kusema asante. Lakini orodha yako imeninyima amani tangu Ijumaa.

Umepima kuanzia tarehe 9 Aprili hadi tarehe 30. Humo ndani mna Jumamosi tatu. Nimezitafuta Jumamosi hizo na sijaziona. Namba za tarehe 11, 18 na 25 hazina tofauti na za siku nyingine, asubuhi wala jioni. Nikasema basi, amehamia jikoni. Lakini jikoni kwenu jiko la kuni likizimika joto linashuka, na likiwashwa linapanda, na hapa hakipandi wala hakishuki kitu. Na zote ni kubwa kuliko zile za siku zenu za baridi. Ni mahali penye joto zuri, lile lile, mchana kutwa, wiki tatu. Kwenye shamba lako hakuna mahali kama hapo, Mjomba. Nimelala kila chumba cha nyumba ile.

Jambo la pili. Hukuandika umeandikia wapi. Hukunipa habari ya kuku.

Jambo la tatu ndilo lililonitoa jasho. Mkaza mjomba Lempi anakusalimu sana, anakupenda, anakuombea heri. Miaka thelathini na minne nimeishi hapa duniani na hajawahi kuniombea heri. Salamu zake huwa ni lawama, na ndivyo ninavyojua ananipenda. Hii ni barua yako ya kwanza isiyouliza habari ya sufuria.

Nani mgonjwa? Mko wapi? Usinijibu "sisi wazima" kwa sababu nitapanda gari nije nikutukane uso kwa uso.

Helmi

*

Marquette
17 Mei 1987

Helmi,

Nilifikiri nimefanya vizuri. Nilisema moyoni, mtoto huyu ataangalia namba kama zinalingana, basi. Sikujua utaanza kutafuta Jumamosi.

Ni Lempi. Tarehe 6 Aprili asubuhi alikuwa anamwaga maji ya kuku, ndoo ikamponyoka, akakaa chini kwenye theluji. Nilidhani ameteleza. Nikamwambia inuka mama, utapata baridi. Akaniangalia na mdomo umekwenda upande. Ni damu iliyoziba kichwani. Upande wa kulia hauna kazi, na maneno yamekwenda. Anaelewa kila kitu, daktari anasema hivyo na mimi nasema hivyo, lakini akitaka kusema kinatoka kitu kama pumzi.

Tuko hospitali tangu siku hiyo. Jirani anawaangalia kuku. Mimi nalala kwa binamu yake Lempi, mtaa wa pili, na mchana nakaa naye. Siku ya tatu nilikuwa sijui mikono yangu niiweke wapi. Nikarudi nyumbani kuchukua gauni lake la kulalia, nikaona boksi, nikalichukua na mita na vibanio vyake vya nguo. Muuguzi aliniuliza hiyo ni nini, nikamwambia ni dawa yangu mimi. Akaniachia nafasi dirishani.

Lempi alikuwa ananiangalia. Mwanzoni nilimwonyesha mshale ukipanda, baadaye ikawa yeye ndiye anayehesabu dakika. Anagonga kitanda kwa kidole cha mkono wa kushoto, polepole, na akinyamaza najua dakika imetimia. Nimelinganisha na saa, hakosei. Kwa hiyo hizo nane zako zimepimwa na watu wawili, na mmoja wao ni makini kuliko mimi.

Sikukuambia kwa sababu ninakujua. Ungeacha kila kitu uje, na hayo mashimo manane yangebaki matupu, na Saimi angerudi kabatini. Saimi alikuwa mama yako, lakini alikuwa dada yangu kwanza. Zile salamu nilizitunga mwenyewe. Nilijitahidi.

Sasa umeshajua, usije. Maliza kazi.

Reino

*

Grand Rapids
24 Mei 1987

Mjomba,

Nimekukasirikia, na nataka ujue hivyo kabla ya kingine chochote. Wiki sita! Wiki sita mimi huku namsimulia paka kichekesho cha sauna yako na kunung'unika kwamba unachelewa, na wewe uko pale umekaa kati ya kitanda na dirisha, unanipimia transista. Ungeweza kuniandikia mstari mmoja. "Lempi anaumwa, njoo." Maneno matatu, Mjomba. Umeninakilia namba mia na ishirini, maneno matatu yakakushinda.

Nakuja Jumamosi tarehe 30, na usijisumbue kunikataza kwa sababu barua yako itafika nikiwa njiani. Kazi imekwisha. Ninyi wawili ndio mlioimaliza.

Lakini nimekaa na kalamu hii nikaona siwezi kukutukana kwa kuficha wakati na mimi nimeficha. Kwa hiyo na liwe. Sufuria haipo salama.

Nilikuwa nimechora njia za umeme kwenye bamba la shaba na nilihitaji chombo cha kuliloweka kwenye tindikali, ili ile shaba isiyotakiwa iliwe. Sufuria ya bluu ilikuwa karibu. Nikasema ni dakika kumi tu, rangi yake ngumu itaikinga. Nikapigiwa simu, nikasahau. Kumbe karibu na mpini rangi ilikuwa imebanduka. Tindikali ilikula shaba, ikala sufuria, ikaanza na meza. Sufuria sasa ina tundu ambalo kidole gumba changu kinapita. Imekaa chini ya benchi tangu Agosti, nimeifunika kwa gunia, na kila barua yenu ikifika nasikia aibu mpaka masikioni.

Nimetafuta nyingine ya bluu ile, hakuna. Nisaidie, nimwambie? Au tusubiri apone kwanza?

Helmi

*

Toivola
22 Juni 1987

Mjomba,

Nakuandikia mezani jikoni kwako, na barua hii naiacha kwa jirani aiweke posta, kwa kuwa lazima nirudi kazini. Nyumba iko sawa. Kuku ni wanene kuliko paka wangu. Nilipowaona ninyi siku ile ya Mei sikusema mengi, na wewe ulinitazama kwa jicho la "neno la sufuria lisikutoke", na halikunitoka. Nilimshika mkono wa kushoto akanifinya. Nilistahili.

Sasa dansi. Bwana Kangas alikaa kiti cha mbele na birika la kahawa mapajani, makusudi, kila mtu alione. Nikawasha. Mama akaanza, na ile pumzi yake ndogo anayovuta kabla ya kufungua kodiani ilisikika mpaka mlangoni. Wimbo wa kwanza siku zote mnaufungua wewe na mkaza mjomba, na nadhani kila mtu alikuwa anangoja mtokee. Sakafu ilikaa tupu wimbo mzima. Hakuna aliyeinuka. Nilitaka ardhi inimeze, nikadhani wamechukia, mpaka nilipomwona Kangas anajifuta macho kwa kofia.

Wimbo wa pili wakaingia wote. Walicheza kwa muda wa saa tano na nusu, Mjomba! Kila baada ya nyimbo tatu nilipitisha kidole kwenye zile kofia za chuma, na zote nane zilikuwa na joto sawa, hakuna aliyebeba la mwenzake. Hapakuwa na moshi. Kangas alikunywa kahawa yake yote, akaomba nyingine. Nimeambiwa nije tena mwakani.

Nilitega kinasa sauti pembeni. Kanda iko humu ndani, mpigie. Si ya kodiani, hiyo anaijua. Ni ya miguu yao.

Helmi

*

Toivola
12 Julai 1987

Helmi,

Tumerudi nyumbani tangu Alhamisi. Anakaa kwenye kiti cha magurudumu na anatembea hatua nne nikimshika. Kuku hawakutukumbuka.

Ile kanda ya miguu alitaka ipigwe kila siku. Anagonga nayo.

Jana ilikuwa Jumamosi. Daktari alisema sauna hapana, moyo hautaki joto kali. Nikasema chumba cha nje basi, si sauna yenyewe, tutakaa tu tusikie harufu ya kuni. Nikawasha jiko kidogo, nikamweka benchini na blanketi, nikakaa naye. Transista zilizobaki nilikuwa nimezirudisha pale rafuni pamoja na mita, nikachukua moja, nikaibana kwa kibanio, naye akahesabu. Ilisoma 82. Ni namba ya Jumamosi, mbovu kabisa, na sijawahi kuona namba nzuri kama hiyo.

Halafu nikaona anaangalia juu ya rafu, pale kwenye msumari mtupu. Mdomo wake ukaanza kuhangaika. Ulichukua muda mrefu. Nilisogea karibu kwa sababu ya masikio yangu, nikidhani anataka kusema jina langu, maana siku zote hizi mia kasoro tatu nilikuwa nalisubiri.

Alisema, "Sufuria."

Wazi kabisa, Helmi. Hata mimi nilisikia. Nilicheka mpaka nikalia, na yeye akalirudia mara mbili, na mara ya tatu alilisema kwa hasira.

Sijamwambia kitu. Daktari anasema tumpe sababu za kusema, tena nyingi. Kwa hiyo njoo Jumamosi ijayo, uje nayo hivyo hivyo ilivyo, na tundu lake, umpe mkononi mwenyewe. Mimi nitakaa karibu. Nataka akugombeze mpaka amalize.

Mjomba wako,
Reino